Watakatifu wa kale na stori zao: kwa nini kadiri miaka inavyosogea ndivyo miujiza inavyoongezeka

Jumuiya yetu ndogondogo somo wake, yaani mtakatifu msimamizi wake, ni Mtakatifu Katarina wa Aleksandria, na mwaka juzi ilipokaribia tarehe 25 Novemba mwenyekiti akanigeukia akasema wewe si unapenda kusoma, tuandalie historia fupi ya somo wetu, dakika kumi tu, baada ya rozari. Nikasema sawa, dakika kumi kitu gani. Wiki nzima nikahangaika. Sio kwamba stori haipo, ipo tele: binti wa kifalme, msomi, anabishana na wanafalsafa 50 wa kaisari anawashinda wote, anafungwa kwenye gurudumu la misumari gurudumu linavunjika, mwisho anakatwa kichwa na shingoni yanatoka maziwa badala ya damu. Ishu ni kwamba kifo chake kinawekwa mwanzoni mwa karne ya 4, na huwezi kupata mtu wa karne hiyo aliyeandika hata mstari mmoja juu yake, maandishi yanaanza kujitokeza miaka mia kadhaa baadaye.

Ukifika hapo watu wanagawanyika. Wapo wanaosema si unaona, uongo mtupu wa mapadri wa zamani, na wapo wanaosema wewe usihoji mambo ya imani utalaaniwa. Mi naona wote wanakosea palepale pamoja, wanadhani "maisha ya mtakatifu" ni maandishi ya aina moja, kumbe ndani yake kuna ripoti ya mahakamani, kuna barua, kuna maandishi ya mtu akiwa gerezani, kuna mahubiri, kuna hadithi ya kuburudisha watawa mezani, na vyote vimefungwa kwenye kitabu kimoja kama vile vina uzito sawa. Kazi ni kuvitenganisha.

Tuanzie mwanzo kabisa. Watakatifu wa kwanza kuheshimiwa na Wakristo walikuwa wale waliouawa, na jina walilopewa kwa Kigiriki, martys, maana yake ni shahidi tu, yule wa mahakamani, anayesimama kusema alichokiona. Kiswahili chetu hapa kina bahati maana neno shahidi tayari limebeba maana zote mbili, ndio maana tunasema Mashahidi wa Uganda na kila mtu anaelewa bila kufafanuliwa. Na kweli maandishi ya zamani zaidi yananuka mahakama. Chukua wale wa Scillium, kijiji cha Afrika ya Kaskazini, waliohukumiwa Karthago tarehe 17 Julai mwaka 180, watu 12, wanaume kwa wanawake. Andiko lao ni fupi, unalisoma lote kabla chai haijapoa. Liwali Saturninus anauliza, mshtakiwa anajibu, basi. Kuna mahali liwali anamuuliza Speratus, ambaye ndiye msemaji wao, hicho kikasha ulichobeba kina nini ndani, naye anajibu ni vitabu na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Liwali anawapa siku 30 wakafikirie, wanakataa, hukumu inasomwa, wanasema Mungu ashukuriwe, wanakwenda kufa. Hakuna malaika, hakuna simba aliyepiga magoti, hakuna hata maelezo ya upanga. Mimi hicho kikasha kimenikaa kichwani kuliko muujiza wowote niliowahi kusoma, sababu hakina kazi yoyote kwenye stori, kimo tu kwa kuwa siku ile kilikuwepo.

Miaka 23 baadaye, mji uleule wa Karthago, tunampata Perpetua. Huyu aliuawa tarehe 7 Machi 203, alikuwa na miaka kama 22, ana mtoto mchanga anayenyonya, na kitu cha ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya andiko lake inasimama kama maneno yake mwenyewe akiwa gerezani. Sauti ya mwanamke wa Kiafrika wa miaka 1800 iliyopita, fikiria. Anaeleza joto la gereza, giza, askari wanavyotaka hela, jinsi mtoto alipoachishwa ziwa matiti hayakumuuma kama alivyohofia, baba yake mzee ambaye sio Mkristo anakuja kumbembeleza, anambusu mikono, anajitupa miguuni pake, anamwambia uhurumie mvi zangu, na yeye anamhurumia kweli lakini hakubali kuikana imani. Ndoto zipo, anapanda ngazi yenye visu pembeni na chini kuna joka, lakini anasema wazi hizo ni ndoto. Kifo chenyewe kimeandikwa na mtu mwingine aliyeunganisha maandishi, ndiye anayesimulia jinsi Perpetua na Felisita, ambaye alikuwa mtumwa na amejifungua gerezani siku chache tu kabla, walivyorushwa kwa ng'ombe mkali, Perpetua akaanguka, akainuka akazibana nywele zake vizuri maana nywele zilizotimka ni za mtu aliye msibani na yeye hakutaka kuonekana yuko msibani. Mwisho yule kijana wa upanga mkono unamtetemeka, anakosea, Perpetua mwenyewe anaushika ule mkono anauelekeza shingoni.

Sasa angalia kilichotokea baadaye. Andiko lile lilikuwa refu na gumu kusomwa kanisani kwa mara moja, kwa hiyo zikatengenezwa nakala fupi fupi. Kwenye maandishi ya mwanzo mume wa Perpetua hatajwi kabisa, yuko wapi, amekufa, amemkimbia, hakuna hata neno. Nakala fupi zikaona hii haikai vizuri, mwanamke mwenye heshima mbona hana mume, zikamwingiza, akaja na wazazi kumbembeleza. Hakuna aliyekaa chini akasema leo nadanganya, mtu aliona pengo akaliziba, kama sisi tunavyosimulia ugomvi wa majirani na kuongeza "akakasirika" pale ambapo hatukumuona usoni.

Polikarpo naye, askofu wa Smirna (Uturuki ya leo), aliyechomwa moto akiwa mzee katikati ya karne ya 2. Kanisa lake liliandika barua kwa kanisa lingine kueleza yaliyotokea, na ndani yake kuna yale maneno maarufu kwamba amemtumikia Kristo miaka 86 na hajamkosea lolote, atamtukanaje mfalme wake. Barua hiyo tunayo kwa njia mbili, nakala za mkono za zama za kati, na pia Eusebio, mwanahistoria wa karne ya 4, aliyenakili sehemu yake kubwa. Kwenye nakala za mkono, moto uliposhindwa kummaliza akachomwa jambia, ikatoka damu nyingi na njiwa. Kwa Eusebio damu ipo, njiwa hayupo. Umeona? Barua moja, tukio moja, na unaweza karibu kumuona njiwa akitua.

Kwa nini watu wanaongeza? Hapa ndipo mambo mengi yanapochanganywa. Ile barua ya Smirna yenyewe inasema waliikusanya mifupa ya Polikarpo, kwao ya thamani kuliko vito, wakaiweka mahali panapofaa ili wakusanyike hapo kila mwaka siku yake. Kaburi na tarehe, hivyo ndivyo vitu viwili vinavyodumu. Jina linaandikwa kwenye kalenda ya kanisa la mahali, siku fulani, mahali fulani, fulani. Vizazi vinapita, waliomjua wanakufa, watu bado wanakuja kaburini kila mwaka na wanataka kusikia habari zake, na padri ana jina tu mkononi. Atasema nini? Atachukua stori ya mtakatifu mwingine anayefanana naye, atamkopesha. Ndio maana ukisoma mashahidi wa karne za baadaye unaona kaisari ni yuleyule mkali, mateso yanakwenda kwa mpangilio uleule, moto haumuunguzi, simba hamli, maji hayamzamishi, halafu mwisho upanga unafanya kazi vizuri kabisa! Nilikuwa najiuliza sana kwa nini upanga haushindwi kamwe. Jibu ni kwamba alikufa kweli, hilo kila mtu alijua, na stori ilikuwa lazima ifike pale.

Kwa hiyo wataalamu wa mambo haya wanapotaka kujua kama mtakatifu wa kale alikuwepo, hawaanzi na stori hata kidogo, wanaanza na hivyo vitu viwili, alizikwa wapi na anakumbukwa tarehe gani, tangu lini. Mwenye jina, kaburi la zamani na tarehe ya zamani huyo alikuwepo hata kama stori yake yote ni ya kutunga. Mwenye stori ndefu tamu ila kaburi na tarehe vimechelewa kuonekana, hapo shaka inaanza. Na hili sio jambo walilogundua watu wa juzi. Martino, askofu wa Tours kule Ufaransa, karne ya 4, alikuta karibu na mji wake altare ambapo watu wanamheshimu shahidi fulani. Akawauliza mapadri wazee, jina lake nani, aliuawa lini, hakuna mwenye jibu la uhakika. Akaenda kusimama juu ya kaburi akaomba aonyeshwe, akatokewa na kivuli kibaya kikakiri kwamba mimi nilikuwa jambazi, niliuawa kwa makosa yangu, sina lolote la pamoja na mashahidi. Altare ikaondolewa. Kivuli utakiamini au hutakiamini shauri yako, mimi nilichokipenda ni maswali yake mawili ya kwanza, jina nani na lini.

Baada ya mwaka 313 Ukristo uliporuhusiwa, mashahidi wakapungua na watakatifu wa aina mpya wakaingia, watawa wa jangwani. Antoni wa Misri alifariki 356, inasemekana na miaka 105, na muda si mrefu Atanasi askofu wa Aleksandria akaandika maisha yake. Kitabu kile kilipaa. Augustino, yule aliyekuja kuwa askofu wa Hippo, anasimulia kwamba mwaka 386 akiwa Milano alitembelewa na mtu akamweleza habari za Antoni na jinsi maafisa wawili wa serikali walivyokisoma wakaacha kazi palepale, na hiyo stori ikamtikisa hadi yeye mwenyewe akageuka. Tangu hapo kila anayeandika maisha ya mtawa anamwiga Atanasi, utoto mtulivu, kuacha mali, mapepo, jangwa, wanafunzi, hotuba ya kuaga. Yeronimo, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, akataka kuonyesha kwamba kabla ya Antoni alikuwepo mkaa pweke mwingine, Paulo, akaandika maisha yake: Antoni njiani anakutana na kiumbe nusu mtu nusu farasi anamuonyesha njia, kunguru amemletea Paulo nusu mkate kila siku kwa miaka 60 na siku ya mgeni analeta mzima, simba wawili wanakuja kuchimba kaburi. Inasomeka kwa raha sana. Na baadaye Yeronimo huyohuyo analalamika kwamba kuna watu wanasema huyo Paulo aliyejificha siku zote hakuwepo kabisa. Kwa hiyo usidhani watu wa kale walikuwa wanameza kila kitu, wabishi walikuwepo tangu enzi hizo.

Waliokulia Pwani hili wanalielewa haraka kuliko sisi wa bara. Karama za mawalii zinaposomwa kwenye ziara ya kaburi, msomaji hasomi taarifa ya polisi, anasoma sifa za mpendwa wa Mungu mbele ya watu wanaompenda. Na upande wa hadithi za Mtume wana ule utaratibu wa kuuliza umeipokea kwa nani na yeye kaipokea kwa nani. Kwa watakatifu wa Kikristo kilichokosekana kwa karne nyingi ni huo mlolongo wa wapokezi. Neno lenyewe legenda ni la Kilatini na maana yake "cha kusomwa", yaani kipande kinachopaswa kusomwa siku ya sikukuu, wala halikuwa na harufu ya uongo, harufu hiyo imekuja baadaye sana.

Kitabu kilichozifikisha stori hizi kila kona ni Legenda Aurea, alichokikusanya Mdominiko Mwitaliano Jacobus de Voragine kwenye miaka ya 1260. Huko ndiko Kristofa tunayemjua anapatikana, jitu refu linalotafuta mfalme mkubwa kuliko wote ili limtumikie, linamkuta mfalme anaogopa shetani, linakwenda kwa shetani linamkuta anaogopa msalaba, mwisho linavusha watu mtoni na usiku mmoja linambeba mtoto mdogo anayezidi kuwa mzito. Jina Kristofa maana yake "mbeba Kristo". Stori imetoka kwenye jina, jina ndilo lililotangulia. Na hapa niseme kuhusu ile habari inayozunguka kwamba Papa "alimfuta" Kristofa mwaka 1969, hapana. Mwaka huo kalenda ya Kanisa la Roma ilipunguzwa, sikukuu ya Kristofa ya 25 Julai ikaachwa iadhimishwe kwenye makanisa ya mahali, yeye bado yumo kwenye orodha rasmi ya watakatifu. Dereva mwenye medali yake kwenye dashibodi asiitupe.

Joji na joka ni vivyo hivyo. Kaburi lake Lida, Palestina, liliheshimiwa mapema sana, kwa hiyo mtu alikuwepo. Stori ya zamani haina joka, ina mateso ya kupitiliza, anauawa mara tatu anafufuka kabla ya kufa moja kwa moja, na andiko la Kilatini la karne ya 6 linaitaja stori hiyo kati ya zisizosomwa katika kanisa la Roma. Joka limeingia kwenye karne ya 11.

Picha nazo zimezaa stori. Mchoraji akitaka kuonyesha huyu alikatwa kichwa anamchora ameshika kichwa chake mkononi, alama tu, kama tunavyomchora Petro na funguo. Halafu anakuja mtu asiyejua hiyo lugha anaangalia picha, na tayari una shahidi aliyetembea na kichwa chake mkononi. Dionisi wa Paris ndiye maarufu kwa hilo, na juu yake wamelundikwa watu watatu: askofu wa Paris wa karne ya 3, yule Dionisi Mwareopago aliyeongoka kwa Paulo kwenye Matendo ya Mitume sura ya 17, na mwandishi wa vitabu vya kiroho wa miaka ya 500 aliyetumia jina hilo. Abate Hilduin, mkuu wa monasteri iliyobeba jina la Dionisi, ndiye aliyewaunganisha kuwa mtu mmoja, karne ya 9. Monasteri yake ilinufaika, bila shaka.

Ila mfalme wa michanganyo yote ni Yosafati. Kwa karne nyingi Wakristo wa Ulaya walisoma maisha ya watakatifu Barlaamu na Yosafati: mfalme wa India anatabiriwa kwamba mwanae ataacha kiti cha enzi, anamfungia kwenye jumba la raha asione shida yoyote, kijana anatoka anakutana na mgonjwa, mzee, anatambua kifo, anaacha yote. Umeshamjua? Ni Buddha. Stori ilitoka India ikapita Uajemi, ikaingia Kiarabu, kisha Kijojia, kisha Kigiriki, kisha Kilatini, kila kituo inavalishwa nguo ya wenyeji. Hata jina linafuatika: Bodhisattva likawa Budhasaf kwa Kiarabu, halafu mnakili mmoja akasoma be kama ye, na aliyepita madrasa anajua be ina nukta moja chini na ye ya mwanzo wa neno ina mbili, nukta moja tu ikizidi Budhasaf anakuwa Yudhasaf, na mbele ya safari anakuwa Yosafati. Akapata na sikukuu, 27 Novemba.

Sasa usidhani ukisogea karibu na zama zenye maandishi mengi ndio mambo yanakuwa meupe. Fransisko wa Asizi alifariki 1226, akatangazwa mtakatifu 1228, waliomjua wako hai, Tomaso wa Celano akaandika maisha yake mapema kabisa. Lakini shirika likawa linagombana ndani, wengine wanataka ufukara ule mkali wa mwanzo, wengine wanataka nyumba na vyuo, na kila upande una Fransisko wake. Bonaventura, mkuu wa shirika, akaandika maisha rasmi, na mwaka 1266 mkutano mkuu wa Paris ukaamuru maandishi yote ya zamani juu ya Fransisko yaharibiwe, ibaki ya Bonaventura peke yake. Wafransisko walitii, wakafuta. Kilichookoa nakala za Tomaso ni kwamba baadhi zilikuwa kwenye maktaba za monasteri za mashirika mengine ambazo amri haikuzihusu. Hapa hamna njiwa wala joka, kuna watu wazima wenye akili wanaoamua mtakatifu wao awe mtu wa namna gani, na kwangu hii inatisha kuliko gurudumu la Katarina.

Kazi ya kuchambua haya yote ilianzwa na Wajesuti wa Antwerp. Mwaka 1643 Jean Bolland alitoa majuzuu mawili ya kwanza, watakatifu wa Januari tu, wakaendelea siku kwa siku ya kalenda, wanakusanya kila nakala, wanalinganisha, wanasema hii ya zamani hii imepachikwa. Mmoja wao, Papebroch, akasema Wakarmeli hawakuanzishwa na nabii Eliya bali shirika lao ni la karne ya 12, ikawa balaa, mwaka 1695 mahakama ya dini ya Hispania ikapiga marufuku vitabu vyao na marufuku haikuondolewa hadi 1715. Wamekosoa stori kuliko wapinga dini wengi, na walikuwa mapadri.

Nikupe na mmoja wa pembeni hapa, Guinefort. Katikati ya karne ya 13 Mdominiko Stefano wa Bourbon alikuwa anahubiri maeneo ya Lyon akasikia kina mama wanaungama kwamba walipeleka watoto wagonjwa kwa Mtakatifu Guinefort, akauliza ni nani huyo, akaambiwa ni mbwa. Mbwa wa bwana mmoja aliyemuokoa mtoto na nyoka, bwana akaingia akaona damu akadhani mbwa kamla mtoto, akamuua, baadaye akajua. Stefano akaamuru mifupa ichimbuliwe ichomwe na kichaka kikatwe. Watu waliendelea kwenda hapo hadi karne ya 19.

Na kuna uzi mmoja unaotufikia sisi. Tarehe 18 Oktoba 1964 Paulo wa Sita alipowatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu, kwenye mahubiri yake aliwataja wale wa Scillium na wale wa Karthago, akawaweka vijana wa Namugongo kwenye mstari mmoja na Speratus na kikasha chake.

Basi siku ya somo wetu ilipofika nikawasimulia jumuiya kila kitu, gurudumu na maziwa na wanafalsafa 50, halafu nikawaambia maandishi yanaanza lini. Kimya. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akauliza, kwa hiyo baba, tubadilishe jina? Nikamwambia hapana bibi, mwaka 1969 Katarina alitolewa kwenye kalenda ya jumla lakini mwaka 2002 wakamrudisha, kwa hiari, anayetaka anaadhimisha. Akasema basi sisi tunataka, mwenyekiti akaita sadaka.